Ramani na Ukoo: Tawi la Kati la Lugha za Kitai

Uainishaji wa lugha ni swali la kihistoria: je, lugha hizi zilikuwa na mzazi mmoja ambaye jirani zao hawakuwa naye? Familia ya Kitai, iliyoenea kutoka kusini mwa China hadi Vietnam, Laos, Thailand, Myanmar na Assam nchini India, inadhihirisha ugumu wa swali hilo.

Mwaka 1960 Li Fang-Kuei aliigawa familia hiyo katika matawi matatu: Kaskazini, Kati na Kusini-Magharibi. Majina ni ya kijiografia, lakini hoja zake zilitokana na sauti na msamiati. Kwa mfano, “jicho” ni *taa* katika Kithai na Kilao, bali ni *tha* katika Kitày cha Vietnam na *haa* katika lahaja ya Longzhou. “Kufa” nako hufuata mkondo huohuo. Tawi la Kati likaonekana kuwa na alama yake.

Hata hivyo, alama moja haithibitishi ukoo, kwani mabadiliko ya sauti huweza kuenezwa na ujirani. Tena, lugha zinazosalia baada ya makundi mengine kutengwa haziwi ndugu wa karibu kwa sababu tu zimesalia. Mwaka 2009 Pittayawat Pittayaporn alipendekeza matawi manne ya msingi. Lugha za “Kati” zikatawanyika, na zile za Kusini-Magharibi zikawa kitawi ndani ya tawi kubwa zaidi. Kisaek nacho, kinachozungumzwa Laos na Thailand, huhesabiwa kuwa cha Kaskazini ingawa kiko mbali na jamaa zake.

Wanafunzi wa Kiswahili wanalijua jambo hili. Guthrie alikiweka Kiswahili katika kanda G, na Kipokomo na Kimijikenda katika kanda E, kwa kuwa kanda zake zilikuwa za marejeo kuliko za nasaba. Mwaka 1993 Nurse na Hinnebusch walionyesha kwa kina kwamba lugha hizo, pamoja na Kingazija na ndugu zake, ni za kundi moja la Sabaki.

Hatari ni kwamba jina la kundi likishaingia vitabuni, watu hulitungia historia ya uhamaji. Basi kabla ya kuchora mishale ya safari za mababu, tuulize kwanza: ni mabadiliko gani ambayo lugha hizi peke yake ziliyafanya kwa pamoja?