Kiumbe Hajirekebishi: Neno la Kutazama Upya

Husemwa mara nyingi kwamba viumbe "hujirekebisha" kulingana na mazingira. Kiambishi -ji- kina uzito wake: anayejinyoa ndiye anayenyoa, na ndiye anayenyolewa. Tukisema ndege alijirekebisha, tumedai kwamba aliubadili mwili wake mwenyewe.

Tuipime kauli hiyo katika Daphne Major, kisiwa kidogo cha Galapagos, Ekuador. Tangu 1973, wanabiolojia Peter na Rosemary Grant waliwapima humo finchi wa Darwin, ndege wala mbegu. Ukame wa 1977 uliwapunguza finchi wa umbo la kati kutoka takriban 1,200 hadi chini ya 200. Mbegu ndogo laini ziliisha, zikabaki ngumu za mbigili. Wengi waliosalimika ni wale ambao tayari walikuwa na midomo minene ya kuzivunja. Watoto wao wakairithi, na kizazi kilichofuata kikawa na midomo mikubwa zaidi kwa karibu asilimia 4. Hakuna ndege aliyejinenepesha mdomo. Kundi ndilo lililobadilika.

"Kubadilika" basi ni neno la haki, maana hueleza hali bila kumtwika yeyote kazi ya kuileta. Lakini kundi hubadilika kwa kutumia nini? Hapa napenda neno "anuwai" kuliko "tofauti". Asili yake ni Kiarabu, wingi wa neno lenye maana ya aina. Wenye tofauti huitiwa wapatanishi. Wenye anuwai wana utajiri. Anuwai ya jeni ni utajiri uliokuwapo kabla ya shida.

Ukame wa 2004 na 2005 ulithibitisha hilo. Safari hii finchi wa aina nyingine, ya umbo kubwa, waliofika kisiwani walikuwa wamezimaliza mbegu za mbigili, na kati ya finchi wa umbo la kati, wenye midomo midogo ndio waliosalimika zaidi. Jeni iitwayo HMGA2 ina sura mbili, ya midomo mikubwa na ya midogo. Zote mbili zilikuwa bado zimo kundini.

Kundi dogo huzaa wachache, hivyo haliwezi kungojea mabadiliko mapya ya jeni yazuke wakati njaa imekwisha kuingia. Likipoteza anuwai yake, kasi ya kubadilika nayo hupotea.

Kwa hiyo walimu na watafsiri, tuandike hivi: kundi hubadilika kwa anuwai ya jeni zake. Na wahifadhi wanaohesabu vichwa vya wanyama, wahesabu na anuwai pia.