Jaribio la Hesabu Isiyoonekana

Ushuru wa mzigo unaoshushwa Kipevu, upande wa Changamwe mjini Mombasa, huhesabiwa kwa hatua. Mzigo wa Sh100,000, bima na nauli ya meli zikiwamo, ukitozwa ushuru wa asilimia 25, hudaiwa Sh25,000. VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya 125,000, wala si 100,000, nayo ni Sh20,000. Ada nyingine zikiachwa kando, jumla ni Sh45,000. Kwenye fomu ya karatasi, wakala wa forodha aliweza kuuwekea kidole mstari uliokosewa. Mfumo wa kompyuta wa forodha ya Kenya, Simba, uliotokana na GAINDE, mfumo wa forodha wa Senegal, ulipoanza mwaka 2005, hesabu hiyo ikawa ya programu.

Kuficha hesabu ndani ya programu kulikuwa na hoja yake. Mtaalamu wa programu David Parnas alieleza mwaka 1972 kwamba kila sehemu ya programu ifiche maamuzi yake, ili ibadilishwe bila kuzisumbua nyingine. Ugomvi ulikuja na majaribio ya programu, yaani msimbo unaoandikwa kuukagua msimbo mwingine. Mtaalamu mwingine, Kent Beck, alitoa zana ya majaribio ya SUnit mwaka 1994. Mwaka 1997 yeye na Erich Gamma wakaandika JUnit, zana kama hiyo ya lugha ya Java, wakiwa ndani ya ndege kuelekea Atlanta. Java, hata hivyo, humkatalia mtu wa nje kuita mbinu (kipande cha msimbo chenye kazi yake) iliyofungwa kwa neno private, na jaribio nalo ni mtu wa nje. Wengine walipenya kwa vichochoro vya lugha yenyewe. Wengine walishikilia kuwa jumla ikijaribiwa, yatosha.

Jumla haitoshi kila mara. Programu ikitoza VAT juu ya 100,000, itatoa Sh41,000 na jaribio litaanguka bila kusema kosa liko wapi. Mbaya zaidi, bidhaa isiyotozwa VAT itapita salama, kosa likiwa palepale. Lakini jaribio lililofungwa kwenye mbinu ya ndani nalo huvunjika msimbo ukipangwa upya tu, hata majibu yakibaki yaleyale.

Mwaka 2004 mtaalamu wa programu Michael Feathers alishauri kwamba mbinu ya ndani inayodai jaribio lake ihamishiwe klasi yake yenyewe, yaani sehemu ya programu inayojitegemea, iwe wazi kuitwa kutoka nje. Kwa ushuru, ushauri huo ndio unaofaa zaidi, kwa kuwa VAT ina sheria yake. Kenya iliishusha hadi asilimia 14 tarehe 1 Aprili 2020, ikairudisha 16 tarehe 1 Januari 2021. Klasi ya VAT peke yake hupewa thamani na tarehe: 125,000 ya Desemba 2020 itoe 17,500, na ya Januari 2021 itoe 20,000.