Wastani wa Mzigo: Jina Lililobaki na Maana Iliyohama

Maneno huhama maana polepole, na ni nadra mtu kuweza kutaja siku ya kuhama kwake. Msamiati wa mafundi wa kompyuta una neno moja ambalo tarehe yake yajulikana. Neno hilo ni wastani wa mzigo. Mwangalizi wa seva aulizapo hali ya mtambo wake huletewa tarakimu tatu: ya kwanza ni ya dakika 1, ya pili ya dakika 5, na ya tatu ya dakika 15.

Neno hili lilitumika katika TENEX, mfumo uliotungwa na kampuni ya Bolt Beranek and Newman huko Massachusetts, Marekani, kwa kompyuta za PDP-10. Mtambo mmoja ulihudumia watu wengi kwa wakati mmoja, na kila mmoja alitaka kujua zamu yake i karibu au i mbali. Waraka namba 546 wa watumiaji wa ARPANET, wa Agosti 1973, ulifafanua kwamba wastani wa 10 kwa saa moja, katika mtambo wenye prosesa moja, ni kazi 1 inayotendwa na 9 zilizo tayari, zikingoja prosesa. Kazi iliyongoja diski haikuhesabiwa. Kwa maoni yangu neno mzigo halikufaa tangu hapo. Mzigo hukaa begani mwa hamali, na kilichopimwa hapa kilikuwa urefu wa foleni.

Katika Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, maana hiyo ilidumu mpaka mwaka 1993. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo Matthias Urlichs alipeleka rekebisho. Hoja yake ilikuwa nyepesi kufahamika. Ukiondoa diski ya kasi inayopokea ziada ya kumbukumbu, ukaweka ya polepole, mtambo huzidi kuzorota, lakini wastani hushuka, maana kazi zimeacha kungoja prosesa zikawa zinangoja diski. Ni kipimo gani hicho kishukacho taabu inapopanda! Tangu hapo Linux ikahesabu pia kazi zilizo katika usingizi usiokatizika, ambao wakati ule kwa kawaida ulikuwa ni kungoja diski. Baadaye usingizi huo ulipata sababu nyingine nyingi. Jina halikubadilishwa, wala wasomaji wengi wa tarakimu hawakupata habari, hata Brendan Gregg alipoifukua barua ya Urlichs na kuieleza mwaka 2017.

Kutojua huko kuna gharama. Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo nilichofundisha, seva ya matokeo ya mitihani ilizorota wiki ya usajili. Ilikuwa na prosesa 4, na wastani wake ulisoma 31. Ikaamuliwa kwamba prosesa zimeelemewa, na fedha za vitabu vya idara zikaelekezwa kununua mtambo mpya.

Hesabu ya 31 kwa 4 inatisha kweli, na kulinganisha wastani na idadi ya prosesa ni hatua ya haki. Ni haki pia kulinganisha tarakimu tatu zenyewe, ikikumbukwa kwamba zinapima nyakati za karibuni kwa uzito zaidi: kazi 1 ikianza katika mtambo mtulivu, baada ya dakika 1 tarakimu ya kwanza husoma 0.63 hivi, si 1. Lakini hakuna aliyeuliza prosesa zenyewe zilikuwa zikifanya nini. Fundi kijana alipoziangalia akazikuta karibu zote zimekaa bure. Foleni ilikuwa mlangoni pa diski moja iliyokuwa ikifa.

Diski ilibadilishwa jioni ile, na kesho yake wastani ulisoma chini ya 1. Mtambo mpya ulikuwa umekwisha kulipiwa, na mwaka ule wanafunzi wangu walisomea nakala za mkopo.