Jino lililotibiwa mzizi bado linauma? Fahamu kuhusu mifereji na picha za meno

Daktari wa meno alisafisha mzizi wa jino lako na kuliziba, lakini baada ya muda maumivu yamerudi. Hii haimaanishi moja kwa moja kwamba jino ling'olewe. Huenda kuna mfereji ambao haukuonekana. Soma hapa ujue kwa nini hutokea, na ufanye nini ukiwa Kigali.

Ndani ya mzizi kuna nini?

Mzizi wa jino una mfereji mwembamba wenye neva na mishipa ya damu. Jino likioza hadi ndani, bakteria huingia humo. Daktari anapotibu mzizi, husafisha mifereji yote na kuiziba. Mmoja ukisahaulika, maambukizi yanaweza kuendelea.

Je, watu wote wana mifereji sawa?

Hapana.

- Gego la kwanza la juu kwa kawaida lina mizizi mitatu, lakini mzizi wa mbele upande wa shavu mara nyingi una mifereji miwili.
- Gego la kwanza la chini kwa kawaida lina mizizi miwili na mifereji mitatu. Kwa baadhi ya watu mifereji ni minne.
- Gego dogo la kwanza la chini mara nyingi lina mfereji mmoja. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulikuta mifereji zaidi ya mmoja katika takriban asilimia 33 ya meno hayo kwa wagonjwa weusi, na asilimia 14 kwa weupe.

Katika ukanda wetu, tafiti za magego ya watu wa Uganda zilichapishwa mwaka 2007 na 2009. Watafiti walitia wino ndani ya meno yaliyokwisha kung'olewa ili mifereji ionekane. Kwa jino lililo mdomoni, daktari hutegemea picha.

Picha zinatofautianaje?

Eksirei ya kawaida ni bapa, hivyo mfereji mmoja unaweza kujificha nyuma ya mwingine. Daktari anaweza kupiga picha ya pili kutoka pembe tofauti. Mashine iitwayo CBCT huzunguka kichwa na kuonyesha jino pande zote. Mionzi yake ni mingi kuliko ya eksirei ndogo ya jino, kwa hiyo hutumika pale inapohitajika tu.

Ufanye nini?

1. Ukitumia Mutuelle de Santé, anzia kituo cha afya. Ukihitaji hospitali ya wilaya au ya rufaa, omba barua ya rufaa.
2. Beba kadi ya bima, kitambulisho na picha za zamani za jino.
3. Uliza: "Jino hili lina mifereji mingapi? Yote imetibiwa?" Uliza pia bima italipa nini kabla ya kukubali picha au matibabu.
4. Kama una mimba, sema kabla ya kupigwa picha.
5. Usimeze antibiotiki zilizobaki nyumbani. Hazisafishi mfereji.

Usisubiri! Ukivimba uso au shingo, ukipata homa, au ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, nenda hospitali mara moja au piga 912.