Hatima ya Wapenzi Wanaomaliza Shule: Kutoka Rosa Mistika hadi Rafiki

Mtihani wa mwisho wa shule umekuwa, kwa muda mrefu, nguzo ya msuko katika hadithi za vijana wa Afrika Mashariki. Katika mtaa wa Olympic, Kibera, jijini Nairobi, jambo hili halihitaji kuthibitishwa kwa nadharia. Januari 2003, serikali ya Mwai Kibaki ilipoondoa karo katika shule za msingi za umma, wazazi walifurika katika Shule ya Msingi ya Olympic kwa sababu ya sifa yake ya kufaulisha watahiniwa. Hawakutafuta madawati tu; walitafuta mlango wa kuwatoa wana wao katika dhiki. Swali la makala hii linachipuka papo hapo. Kijana anapoukaribia mlango huo akiwa na mpenzi wake, hadithi humruhusu kufika wapi? Inadaiwa hapa kwamba historia ya visa vya mapenzi ya wanafunzi ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya mgogoro juu ya hatima, na kwamba mgogoro huo ulijitokeza bayana mwaka 2018, filamu ya Rafiki ilipopigwa marufuku nchini Kenya.

Usuli wa mgogoro huu katika fasihi ya Kiswahili unaonekana vizuri katika Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Rosa anapigwa na baba yake, Zakaria, kwa kosa la kupokea barua ya kijana. Akiisha kutoka chini ya mkono wa baba na kuingia katika maisha ya bweni, uhuru unamkuta hana silaha ya kuutumia. Mwisho wake ni kujiua. Ijapokuwa Kezilahabi anauelekeza ukosoaji wake kwa mzazi kuliko kwa binti, ni binti anayelipa. Hata hivyo, adhabu hiyo kali haikutosha kuiepusha riwaya na hasira ya walezi wa maadili. Iliwahi kuzuiwa katika shule za Tanzania. Hapa pana fumbo ambalo mhakiki hana budi kulizingatia: kazi ilimwadhibu mpenzi, nayo ikaadhibiwa.

Kwamba hatima ya namna hii haitokani na maumbile ya kisa chenyewe kunathibitishwa na ulinganishi. Mwaka 1995, studio ya Ghibli ya Japani ilitoa filamu ya vibonzo Mimi wo Sumaseba, iliyoongozwa na Kondō Yoshifumi kwa mswada wa Miyazaki Hayao. Shizuku yumo katika mwaka wa mwisho wa shule ya sekondari ya chini na mtihani wa kuingia shule ya juu unamkabili. Anampenda Seiji, kijana anayetaka kwenda Cremona, Italia, kujifunza kuunda fidla. Ili asiachwe nyuma, Shizuku anaacha vitabu vya mtihani na kuanza kuandika hadithi. Alama zake zinashuka, mama na dada wanafadhaika, lakini baba anamwachia nafasi ya kujaribu, huku akimkumbusha kwamba aendaye njia yake mwenyewe hana wa kumlaumu. Filamu inakoma kilimani, alfajiri, kwa ahadi ya ndoa ya siku zijazo. Yaani, viungo ni vile vile: mtihani, mzazi, mapenzi na kutengana. Kilichobadilika ni uamuzi wa mzazi, na uamuzi huo ndio unaobadilisha hatima.

Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu, imetokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, "Jambula Tree", iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Hadithi hiyo imejengwa kwa sauti ya Anyango akimkumbuka Sanyu, ambaye wazazi walimpeleka London baada ya wawili hao kufumaniwa. Kahiu anakihamishia kisa Nairobi, katika mtaa wa kubuni uitwao Slopes, na kuwapa wasichana hao majina ya Kena na Ziki. Baba zao wanashindania kiti kimoja cha kisiasa. Jambo la kimsingi kifani ni kwamba wahusika wamekwisha kumaliza shule na wanasubiri matokeo. Kipindi hiki ni cha pekee katika maisha ya kijana wa Kenya: si mwanafunzi tena, wala si mtu mzima bado. Kena anawaza kuwa muuguzi. Ziki anamuuliza kwa nini asiwe daktari. Mapenzi, ambayo mafundisho ya shule huyahesabu kuwa adui wa masomo, hapa ndiyo yanayokuza azma ya masomo. Wapenzi wanapigwa na umati, wanatenganishwa, na Ziki anapelekwa London. Lakini tamati inadokeza kwamba watakutana tena.

Dokezo hilo ndilo lililozua mjadala. Mwezi Aprili 2018 bodi ya uainishaji wa filamu iliipiga marufuku Rafiki kwa hoja kwamba ilikusudia kueneza mapenzi ya jinsia moja. Kwa maelezo ya Kahiu mwenyewe, bodi ilikuwa imemtaka aubadilishe mwisho kwa kuwa ulibeba matumaini mno, naye akakataa. Wapo watakaosema kwamba kilichokatazwa ni maudhui, si fani. Lakini dai la kubadilisha mwisho linaonyesha kuwa wakaguzi walielewa vyema kanuni ambayo wahakiki huifundisha darasani: maana ya kisa huamuliwa na tamati yake. Laiti Kena angejuta au kuangamia kama Rosa, tukio lile lile lingeweza kusomwa kama onyo.

Mwezi Mei filamu ilionyeshwa Cannes, ikiwa ya kwanza kutoka Kenya kuteuliwa katika tamasha hilo. Mwezi Septemba, Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu alisimamisha marufuku kwa siku 7, ili filamu itimize sharti la kushindania Oscar, na kuruhusu watu wazima walioridhia waitazame. Watazamaji walijaa katika sinema ya Prestige, barabara ya Ngong, si mbali na Olympic. Kijana wa miaka 17 wa mtaa huo, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne mwaka ule, angeweza kufika mlangoni kwa miguu na asiruhusiwe kuingia. Aprili 2020 Mahakama Kuu ilitupilia mbali ombi la Kahiu dhidi ya marufuku.

Kwa kuhitimisha, ni dhahiri kwamba baina ya 1971 na 2018 kisa chenyewe kilibadilika kuliko hukumu ya wakikaguao. Rosa alikufa na riwaya ikazuiwa. Kena aliishi na filamu ikazuiwa. Katika mijadala yote miwili, aliyekosa nafasi ya kutoa maoni ni yule anayesimuliwa: kijana anayemaliza shule. Uhakiki wa Kiswahili una deni la kumwuliza yeye kisa kiishie wapi.