Zana za Habari Katika Mji wa Nakuru

Tangu reli ya Uganda ilipofika Nakuru mwaka 1900, na mji ukajengeka kandokando ya kituo chake, habari za Bonde la Ufa zimekuwa zikipita hapo pamoja na mazao ya mashamba. Walakini waliokuwa na uwezo wa kuziandika na kuzieneza walikuwa wachache mno. Katika zama za ukoloni mji huu ulikuwa na matbaa iliyochapisha Kenya Weekly News, gazeti la masetla, ambalo mhariri wake mashuhuri, Mervyn Hill, ndiye aliyeandika pia tarikhi ya reli hiyo. Liliandikwa kwa Kiingereza, ilhali umati wa vibarua waliolima mashamba yale hawakuwa wasomaji wake, sembuse waandishi wake. Aliyetaka gazeti la Kiswahili alingojea Baraza, lililoasisiwa mwaka 1939, au baadaye Taifa Leo la mwaka 1960, nayo yote mawili yalitoka Nairobi.

Zana ya kwanza ya kupelekeana habari iliyoenea mikononi mwa watu wa kawaida ilikuwa simu ya mkononi, na mtihani wake ulikuwa mchungu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Na Januari 2008, ghasia zilipoingia Nakuru na Naivasha, na maelfu ya waliofukuzwa makwao wakapiga kambi katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru, ujumbe mfupi ulivuma kila upande, mmoja ukiwa onyo la kweli na mwingine fitina tupu. Mwezi huo huo Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia waliasisi Ushahidi, programu iliyopokea taarifa za mashahidi kwa simu na kwa intaneti na kuzipanga juu ya ramani, hata mtazamaji aliye mbali akaweza kujua ni jambo gani limetukia na mahali gani.

Baadaye kidogo, viungani mwa mji, chifu wa Lanet Umoja, Francis Kariuki, alijulikana ulimwenguni mwaka 2012 kwa kuwapasha raia wake habari kwa Twitter. Wezi walipovamia nyumba ya mwalimu usiku wa manane, tangazo lake liliwakusanya majirani, na wezi wakatoroka. Siri ya ufanisi wake ni kwamba maneno yake yaliwafikia kwa njia ya ujumbe mfupi hata wale wenye simu duni zisizo na intaneti, na kwamba aliyenena alikuwa mtu anayejulikana, awezaye kuulizwa kesho yake barazani.

Leo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro na wa Chuo Kikuu cha Kabarak wana kamera, kinasa sauti na matbaa nzima ndani ya kiganja, na Nakuru yenyewe imekuwa jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021. Nawasihi walimu wao wasianzie kwenye uzuri wa chombo, bali kwa msikilizaji mwenye simu ya bei nafuu kabisa, na kwa ithibati ya kila taarifa kabla haijatumwa. Kwani mwaka 2008 ulidhihirisha kwamba chombo kile kile hubeba onyo na fitina kwa wepesi ulio sawa.