Kuinua gari Bujumbura: historia ya ufundi wa springi kutoka Buyenzi hadi Mutanga Nord

Kuinua gari ni kuongeza nafasi kati ya ardhi na tumbo la gari kwa kubadilisha sehemu zinazolibeba: springi, shokomzoba na viungo vinavyoshika ekseli. Mjini Bujumbura kazi hii huhusu zaidi magari ya Toyota kama Land Cruiser, Prado, Hilux na RAV4. Mwenye gari anayeishi Mutanga Nord, mtaa wa makazi ulio kwenye mteremko wa mashariki ya mji katika iliyokuwa komuni ya Gihosha, kwa kawaida hushuka hadi mtaa wa Buyenzi kumtafuta fundi. Safari hiyo ni ya dakika chache, lakini sababu zinazompeleka huko zimejengeka kwa karibu miaka mia moja.

Mji wa bondeni, barabara za mlimani

Bujumbura imekaa kwenye ncha ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Nyuma ya mji ardhi hupanda ghafla. Barabara ya taifa namba 1 inapofika Bugarama, ikiwa bado haijatimiza kilomita 50, imekwisha kuvuka mita 2,000. Mito mifupi yenye kasi, Ntahangwa ukiwa mmojawapo, hushuka kutoka milima hiyo na kukata mji kabla ya kuingia ziwani. Kingo za Ntahangwa zimekuwa zikimegwa na mmomonyoko mwaka hadi mwaka, na mvua kubwa hubeba mawe na udongo hadi kwenye njia za mitaa ya juu.

Upande wa bonde tatizo ni maji yenyewe. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014 mafuriko yaliharibu mitaa ya kaskazini ya mji na kuua makumi ya watu. Kuanzia mwaka 2020, kufurika kwa mto Rusizi na kupanda kwa ziwa kumeifunika Gatumba mara kwa mara, kwenye barabara iendayo Uvira. Gari la Bujumbura basi hudaiwa mambo mawili kwa pamoja: lipite juu ya mawe na mitaro ya mlimani, na lipite majini bondeni bila kuzama injini. Haja ya kuinua gari imetoka hapo, kabla ya suala lolote la mapambo.

Usumbura na magari ya kwanza

Mji ulianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ukiitwa Usumbura. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ulikuwa makao ya utawala wa Ubelgiji katika Ruanda-Urundi. Barabara za magari kuelekea milimani zilichongwa katika miongo iliyofuata, sehemu kubwa kwa kazi za lazima za wanavijiji, kwa jembe na beleshi. Ziliinama kufuata mlima, zilikuwa za udongo, na mvua moja iliweza kuzifuta.

Magari yalifika kwa njia ndefu. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa mkataba wa mwaka 1921 kati ya Uingereza na Ubelgiji, Wabelgiji walipewa maeneo yao ya bandari Dar es Salaam na Kigoma. Shehena ilishushwa kutoka melini, ikavuka Tanganyika kwa treni, kisha ikapandishwa meli ya ziwani hadi Usumbura. Kipuri kilichovunjika hakikuweza kupatikana upya kwa haraka kwa njia kama hiyo. Kutengeneza kwa kilichopo kulikuwa sharti la kwanza la kumiliki gari katika mji huu.

Buyenzi ilikua katika mazingira hayo. Utawala wa Ubelgiji uliutenga mtaa huo kwa wakazi wa Kiswahili, wengi wao Waislamu wenye asili ya Ujiji, Umanyema na pande nyingine za Kongo na Tanganyika. Barabara zake zilipewa namba badala ya majina, na hadi leo mtu huelekezwa kwa namba ya barabara. Biashara, udereva na ufundi vilikuwa riziki ya wengi, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi. Msamiati wa gereji umechota kote: ressort na amortisseur za Kifaransa hutamkwa kwa sauti za Kiswahili na Kirundi, sambamba na springi na shokomzoba zilizoingia kutoka Tanzania.

Enzi ya springi za mapande

Kwa miongo mingi karibu kila gari la mzigo na la porini lilibebwa na springi za mapande: vipande bapa vya chuma kigumu vilivyopinda kidogo, kirefu kikiwa juu na vifupi vikifuatana chini yake, vikishikwa pamoja na bolti ya katikati na kufungwa kwenye ekseli kwa bolti zenye umbo la herufi U. Asili yake ni magari ya farasi. Mwingereza Obadiah Elliott alipata hataza ya springi za namna hiyo mwaka 1804.

Springi hizi zilifaa nchi ya milima kwa sababu fundi aliweza kuzifungua, kuzihesabu na kuzirekebisha bila mashine kubwa. Lori lililolala kwa uzito liliongezewa pande moja au mawili yaliyotolewa kwenye gari bovu. Springi iliyonyooka kwa uchovu ilipigwa nyundo pande moja baada ya jingine hadi mpindo urudi. Njia ya tatu ilikuwa kuweka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli ya nyuma, na ya nne kurefusha vishikizo vya mwisho wa springi. Njia zote nne huinua gari, na zote zilitumika kubeba mzigo muda mrefu kabla ya mtu kuzifikiria kwa gari la familia.

Kufua chuma hakukuwa kitu kigeni Burundi. Eneo la Maziwa Makuu limeyeyusha chuma kwa zaidi ya miaka 2,000, na wahunzi wa Kirundi, abacuzi, walikuwa na nafasi yao katika jamii muda mrefu kabla ya ukoloni. Kotekote Afrika Mashariki springi za malori yaliyokufa zimegeuzwa panga, visu na majembe, kwa sababu chuma chake ni kigumu na hushika makali. Mhunzi aliyekijua chuma hicho alijua pia hatari yake: kikipashwa moto hadi kiwe chekundu kisha kikaachwa kipoe ovyo, hupoteza unyumbufu, na pande lililorudishiwa mpindo hivyo hulala tena au hukatika barabarani. Ndiyo sababu fundi mzuri wa springi hupiga pande likiwa baridi, au hulipasha na kulipoza kwa utaratibu maalumu.

Magari yaliyoipa kazi hii umbo lake yalitokea baada ya Vita Kuu ya Pili. Land Rover ilioneshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na kuanzia 1952 kampuni ya Minerva ya Antwerp iliiunda kwa leseni kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Toyota ilitengeneza gari lake la BJ mwaka 1951, likaitwa Land Cruiser mwaka 1954; aina ya 40 ilitoka 1960 na aina ya 70 mwaka 1984. Yote yalikuja na springi za mapande mbele na nyuma. Mbio za magari zilizoanza mwaka 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Safari Rally, zilitoa funzo jingine: hata gari la kawaida huweza kuishinda barabara ya udongo likiwa limebebwa vizuri. Peugeot 404 ilishinda mbio hizo mwaka 1963 na tena mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968.

Vita na vikwazo

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962 na Usumbura ikaitwa Bujumbura. Jaribio kubwa zaidi kwa mafundi wa mji lilikuja takriban miaka 30 baadaye. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993 na nchi ikaingia vitani. Baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Julai 1996, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi vilivyodumu hadi Januari 1999. Mafuta yakawa adimu, bei zikapanda, na vipuri halali vikakosekana. Katika hali kama hiyo gari lililokufa huwa ghala: springi ya hili huenda kwa lile, bushi huchongwa kutoka tairi kuukuu, na ujuzi wa kulinganisha sehemu za magari tofauti huwa na thamani kuliko kipuri kipya.

Mkataba wa amani wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na kikosi cha Umoja wa Mataifa kilikuwapo nchini kuanzia 2004 hadi mwisho wa 2006. Mashirika ya misaada yalijaza barabara za milimani Land Cruiser nyeupe. Kwa wengi gari hilo refu kwa miguu likawa kipimo cha gari linalofika.

Koili na magari ya Japani

Wakati huohuo chuma chenyewe kilikuwa kimebadilika. Range Rover ya mwaka 1970 ilitumia springi za koili, yaani waya mnene uliozungushwa, badala ya mapande. Land Cruiser aina ya 80 ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1980, na Prado katika miaka ya 1990. RAV4 ya mwaka 1994 ilikuwa mbali zaidi na lori: mbele yake koili na shokomzoba ni kitu kimoja, na haina chesisi ya pekee.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Magari yaliyotumika Japani, yakipitia Dar es Salaam na Mombasa, yalizidi kuonekana mjini. Mengi yana usukani upande wa kulia ingawa Burundi huendesha upande wa kulia wa barabara, na mengi yalisawazishwa kwa lami laini ya miji ya Japani. Katika njia za mteremkoni za Mutanga Nord, Gihosha na Sororezo magari hayo huparuza tumbo.

Koili haipigwi nyundo wala haiongezewi pande. Iliyochoka hubadilishwa, na inayotakiwa kuwa ndefu lazima itengenezwe ndefu. Hapo ndipo vifurushi kamili vya kuinua gari vilipopata soko. Kampuni ya ARB ya Australia, iliyoanzishwa 1975, huuza springi na shokomzoba kwa jina la Old Man Emu, na wauzaji wa bidhaa za namna hii wapo Nairobi na Dubai, ambako mteja wa Bujumbura huweza kuagiza. Asiyemudu kifurushi hutumia spesa, kipande cha chuma au plastiki ngumu kinachowekwa juu ya koili. Spesa huinua gari lakini haiipi springi nguvu mpya, na ikizidi unene huifanya shokomzoba ifike mwisho wake mapema.

Namna fundi anavyopatikana

Kwa desturi fundi wa kuinua gari hatafutwi kwa bango. Jina lake hutoka kwa dereva, kwa jirani mwenye gari la aina ileile, au kwa komisiyoneri, yaani dalali, anayejua nani ana kipuri gani. Kabla ya kukabidhi gari, mteja mwenye busara huangalia magari mawili matatu ambayo fundi huyo ameyainua na yamekwisha kutembea mwaka mmoja, huuliza kama bolti mpya zimo katika bei, na hukubaliana nani atagharimia alaimenti, yaani kusawazisha pembe za magurudumu. Maswali ya fundi nayo humtambulisha. Anayeanza kwa kuuliza gari hubeba nini na hupita wapi anachagua ugumu wa springi. Anayeanza kwa kuuliza gari liinuliwe kiasi gani anauza urefu tu.

Yanayobadilika gari likiinuka

Sentimita 5 ni kiwango kinachozoeleka kwa gari la matumizi ya kila siku, na hata hicho hugusa mengi. Mbele, magurudumu huinama kwa pembe nyingine, hivyo alaimenti ni lazima. Viungo vya shafti za mbele hufanya kazi kwa pembe kali zaidi na huchakaa upesi. Katika Prado, ekseli ya nyuma husogea kidogo upande mmoja, kwa kuwa ufito unaoishika kwa ubavu haukurefuka. Mipira ya breki hunyooka na huweza kukatika gurudumu linaponing'inia. Magari mengi ya Toyota ya aina hii yana vali ya breki inayosoma urefu wa nyuma ya gari ili kujua mzigo. Isiporekebishwa fimbo yake, vali hudhani gari ni tupu na hupunguza nguvu ya breki za nyuma, jambo la hatari kwenye mteremko wa Bugarama. Taa nazo hupaswa kushushwa zisimpofue anayekuja, na kitovu cha uzito kikipanda gari huinama zaidi kwenye kona.

Kazi haiishi siku ya kwanza. Springi mpya hukaa mahali pake baada ya kilomita mia kadhaa, bolti za U hulegea kidogo, na lazima zikazwe tena. Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya ufundi huu ni miadi: mteja anashuka tena kutoka mlimani hadi gereji ileile, na fundi anapita chini ya gari na spana, bolti moja baada ya nyingine.